Vizibo vya Soda

Kipindi cha kwanza tuliliwa kama mkate wa mofa,
kipande kwa kipande, na mchuzi wake.
Famau wa Chuo cha Magongo, jezi kumi na moja,
alinijia, akanionyesha mguu, akauficha,
na nilipogeuka nilimwona Shee, kipa wetu,
akiinama wavuni kama mtu aokotaye kandambili ya mtoto.
Moja bila. Ingeweza kuwa nne.
Mlingoti ulitusaidia mara mbili,
na mlingoti hausomi chuo chetu.

Mapumziko. Tononoka, jua la saa kumi,
kivuli cha ukuta upana wa mkeka.
Mwalimu Mwakio hakufoka.
Siku za kazi hutufunza kuchomelea vyuma,
amezoea kutazama moto kwa kioo cheusi.
Alichuchumaa, akamwaga vizibo vya soda kutoka mfukoni,
vyekundu sisi, vya machungwa wao,
akavipanga mchangani.
"Nani anatuua?"
Tukajibu kwa kauli moja: Famau.
Akatikisa kichwa. Akakigusa kizibo cha katikati,
kimepinda, hakuna aliyekuwa akikitazama.
"Huyu. Namba sita. Hakimbii, hapigi chenga, hatoki jasho.
Lakini kila sahani ya Famau, huyu ndiye aliyepakua.
Nyinyi mwagombana na mlaji. Nendeni jikoni."

Akamrudisha nyuma Mkala, mshambulizi wetu.
Mkala akanuna: "Mimi mfungaji, mwalimu."
"Leo wewe ni kizibo. Kaa kwenye chupa yako."
Chengo aingie ndani hatua saba.
Sudi abaki nyuma ya wote, afagie.
Kisha akanigeukia.
"Lali, acha kumvamia.
Mpe nje, mnyime ndani.
Akitaka kwenda kibenderani, msindikize kama mgeni.
Ukinyoosha mguu tu, nakutoa."

Sijui kama mwajua ugumu wa kutonyoosha mguu.
Kwetu Kibokoni huniita Panga.

Famau akaja. Nikarudi nyuma.
Akasimama, nikasimama.
Akanionyesha mguu ule ule, nikautazama
kama bidhaa nisiyokuwa na haja nayo.
Pembeni wakaanza: "Panga, mwendee!
Lali, umelala?"
Sikulala. Meno yaliniuma kwa kuyakaza.
Nje palikuwa peupe, nyasi chache na chokaa;
akaenda nje, akamkuta Sudi yuko pale
kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.
Mara ya pili. Ya tatu.
Ya nne pasi haikumfika kabisa:
Mkala kamganda namba sita,
kununa kwake kote kumegeuka kazi,
na yule kijana mtulivu, kwa mara ya kwanza, akainua mikono,
akatafuta wa kumpakulia,
akarudisha kwa kipa wao.

Tulisawazisha dakika ya themanini na kitu
kwa kona iliyomgonga mtu mgongoni.
Wa kwetu au wa kwao, hadi leo yabishaniwa bwenini.
Moja moja.
Si ushindi, najua. Mwaka jana walitupiga tano
na wakatuimbia hadi langoni.

Nilihesabu: kipindi kile niligusa mpira mara tatu,
na moja ilikuwa ya kurusha.

Famau akanipa mkono, kiganja kimejaa mchanga,
akaniuliza, na hakuwa akinitania:
"Mbona leo hukunijia?"
Nikatafuta jibu. Nyuma yake mwalimu alikuwa amepiga magoti
akiokota vizibo vyake kimoja kimoja,
akihesabu kwa midomo,
akirudia kuhesabu,
akipapasa mchanga.
Kimoja hakionekani.
Kilikuwa ndani ya soksi yangu, kile kilichopinda,
tangu mapumziko kikinichoma kifundo
kila nilipotaka kunyoosha mguu.